Sauti Iliyokatika Katikati ya Kicheko

"Ngendo, zima hiyo kitu!"

"Aki Naliaka, ngoja kidogo. Nilidhani ni upuuzi, kumbe ni tamu hivi! Bwana harusi amefungiwa kwa banda la mbuzi siku ya harusi yake."

Naliaka hakuwa na ugomvi na bwana harusi. Ugomvi wake ulikuwa na sauti. Filamu ilikuwa ya kigeni, lakini juu yake dijei alikuwa akiitafsiri kwa Kiswahili cha mtaani, akiwapa hata mbuzi maneno ya kusema. Ngendo na wateja wengine wa saluni yake ndogo pale Gatongora, Ruiru, walikuwa hawajiwezi kwa kicheko. Na dijei huyo alikuwa Lenny, mumewe. Naliaka alikuwa amemwacha Thika mwaka jana, akaapa hatamsikia tena.

Madijei huzima simu wakirekodi, mlio usije ukaingia kwenye kazi. Naliaka alikuwa na mimba kubwa, akamsihi Lenny asizime yake. Lenny akazima kwa mazoea. Uchungu ukaja kabla ya wakati, mama wa watu akapiga simu mpaka akachoka, mwishowe akampigia Njau, mwenzake Lenny kazini. Lenny alipofika hospitalini, mtoto alikuwa ameshafunikwa shuka.

"Njau aliponiambia tu, nilikuja mbio," Lenny alisema siku ile.

"Muongo! Ulimaliza upuuzi wako kwanza. Mtoto wangu anakufa, wewe unachekesha watu!"

Hayo ndiyo maneno aliyohama nayo Thika, na ameishi nayo tangu hapo.

Sasa kwenye runinga, mbuzi alikuwa akizungumza kwa sauti ya Lenny:

"Bwana harusi, ndugu yangu, hata mimi huku ndani sikualikwa, ni vile tu—"

Mlango ukabamizwa. Sauti nyingine ikaingia, ya Njau.

"Lenny! Toa hizo vitu kwa masikio! Naliaka amenipigia. Yuko hospitali."

"Hospitali? Na mtoto?"

"Wewe kimbia tu."

"Njau, mtoto wangu amefanya nini?"

Kiti kikaanguka. Viatu vikasikika vikikimbia. Kisha mbuzi wakabaki wanalia peke yao bila tafsiri, mpaka Njau akakohoa na kusema kwa unyonge, "Haya, watazamaji, tuendelee."

Ngendo alijipiga mapaja.

"Hapo ndio wamenimaliza! Hawa watu wanajua kuigiza!"

Kichanuo kilimtoka Naliaka mkononi.

"Rudisha nyuma."

"Si ulisema nizime?"

"Ngendo, rudisha!"

Akasikiliza tena. Lenny hakumaliza filamu. Hata sentensi ya mbuzi hakuimaliza. Naliaka akakaa chini, pale pale penye nywele zilizokatwa, akalia kwa sauti bila kumwonea haya mtu yeyote.

"Hawaigizi, Ngendo. Huyo mtoto alikuwa wangu."

"Ngai! Woi, mami..." Ngendo alizima runinga haraka. "Pole. Sikujua. Aki pole."

Naliaka akachukua simu na kutafuta namba ambayo hakuwahi kuifuta. Iliita mara moja tu.

"Nali?"

Hakuna mtu mwingine aliyemwita hivyo.

"Nimeona ile ya mbuzi, Lenny."

"Njau aliitoa bila kuniuliza. Aliona filamu ni takataka, hakuna mtu ataitazama, hata hakuisikiza kwanza akate hiyo sehemu. Sasa imeshika kila mahali. Nisamehe, Nali. Watu wanacheka mtoto wetu."

"Hukumaliza."

"Ati?"

"Mimi nilisema ulimaliza kwanza. Mwaka mzima nimekuita muongo."

"Lakini simu nilizima. Uliniomba nisizime, na nikazima. Hiyo ni yangu."

"Ni yako. Na bado inaniuma."

"Najua."

Nyuma yake Njau alisikika akifoka.

"Lenny! Mlio umeingia kwa rekodi tena! Nitakwambia mara ngapi uzime hiyo simu?"

Naliaka aliinua kichwa.

"Uko kwa maiki saa hii?"

"Ndio."

"Na simu hujazima?"

"Tangu siku ile sijawahi kuizima, Nali. Hata nikilala."

Naliaka alijifuta macho kwa taulo la mteja. Alitaka kusema mambo mengi, lakini lililotoka ni moja tu.

"Lenny, mtoto wetu hatujawahi kumlilia pamoja. Kila mtu alilia kwake."

"Hatujawahi."

"Kuja Ruiru."

"Lini?"

"Saa hii."

Naliaka alimsikia tu akisema pembeni, "Njau, malizia," na kiti kikaanguka.