Ng'ombe wa Mugamba

"Wewe ni nani unayepokea simu ya mwanangu?"

Pascasie aliganda. Namba ilikuwa ya Burundi, na Melchior alikuwa bafuni, mwisho wa korido ya jengo lao la mtaa wa Berea, ugenini kusini mwa Afrika.

"Ni mke wake, baba. Mwaka wa tatu huu tunaishi pamoja."

Mzee alikohoa. Kisha akasema taratibu.

"Melchior hana mke, binti yangu. Nimeshapeleka ng'ombe wanne kwa wazazi wa Annick, hapa hapa Mugamba. Kifungua mimba wangu anarudi Desemba, aoe, ashike zizi. Mwenyewe ameitikia."

Melchior aliporudi na taulo begani alimkuta amesimama palepale.

"Annick ni nani?"

Akakaa kitandani.

"Nisikilize, Pascasie. Kwetu mtoto wa kwanza ndiye hupewa zizi. Babu alichunga, baba akachunga..."

"Ulimwambia nipo?"

"Nilinyamaza. Baba mapafu yanamsumbua. Ningemwambiaje kwamba nimekuwa mchomelea vyuma hapa Jeppestown, maisha ya kukamua alfajiri siyawezi tena?"

"Yeye ukamwachia matumaini. Na mimi ukaniachia nini?"

 Jioni ile Pascasie alihamia mtaa wa Kensington, kwa dada yake Yolande.

Siku ya kumi na mbili ikaingia meseji: "Nimemwambia baba kila kitu. Zizi amempa mdogo wangu Bertrand. Amesema nisikanyage kwake."

Pascasie hakuijibu. Jumapili, akitoka kanisani, alimkuta Melchior mlangoni kwa Yolande, macho mekundu.

"Umelia?"

"Nimelia."

"Kwa ajili ya ng'ombe?"

"Kwa ajili ya baba. Alikata simu kabla sijamwomba radhi."

"Na Annick? Yeye nani amemwomba radhi?"

Melchior alitoa simu mfukoni.

"Mpigie. Sasa hivi, nikisikia."

Alipiga. Aliongea kwa aibu, bila kujitetea, hadi msichana wa watu akalia na kukata simu. Pascasie naye machozi yalikuwa yakimtoka. Akafungua mlango.

"Ingia ule."

Walifunga ndoa Machi 2012. Mzee hakupiga simu. Padri alipouliza nani anasimama badala ya baba wa bwana harusi, bosi wa Melchior wa Jeppestown, Mzulu asiyejua Kirundi wala Kiswahili, aliguswa bega na Yolande. Akainuka, akavua kofia, akabaki amesimama hadi misa ikaisha.