Dawa ya Kuku Ndani ya Chupa ya Chai

Kila Jumamosi Karimi huwafungulia kuku wa cucu, yaani nyanya yake, na wa kwanza kuruka nje huwa Madoa, kuku wake mwenyewe aliyepewa angali kifaranga. Kisha yeye hufagia banda, lakini Jumamosi hii hakupewa ufagio.

"Kimbia agroveti, duka la dawa za mifugo pale Gachoka, ulete chanjo ya kideri," Cucu Ciakuthii alimwambia, akimkabidhi chupa ya chai iliyooshwa. "Kuku wa jirani wamekwisha kwa ugonjwa huo. Daktari Mbaka anakuja leo kuwachanja wetu."

Muuzaji alitia barafu ndani ya chupa, akaweka kichupa cha dawa juu yake, akafunga. "Inatoka hapa ikiwa baridi, na ifike baridi," alisema.

Karimi alishika njia huku kichwa kikimzunguka. Chupa hii si ndiyo huweka chai moto tangu alfajiri? Dawa itachemka humo! Akawaza, akawazua, akaona heri aiokoe. Akaitoa dawa, akaitia mfukoni mwa sweta, akafunga barafu peke yake. Alijiona mwerevu kwelikweli.

Jua la Mbeere halina huruma. Karibu na nyumbani aligusa mfuko. Dawa ilikuwa na joto kama yai lililotoka kutagwa! Alipochungulia chupani, barafu bado ilikuwepo. Alichanganyikiwa kabisa. Chupa ya moto inawekaje barafu? Akafikiria kuirudisha dawa ipoe tena, kwani nani angejua? Lakini pikipiki ya Daktari Mbaka ilikuwa tayari uani, na Madoa akichakura kando yake.

"Daktari," alisema, machozi yakimlengalenga, "niliitoa. Nilidhani chupa itaichemsha."

"Haiya! Karimi!" Cucu alishika kiuno.

Mbaka alimwekea kipande cha barafu kiganjani. "Nini kinatembea hapo?"

"Baridi inaingia mkononi."

"Hapana. Joto la mkono wako ndilo linaenda kwa barafu. Si unaona inayeyuka? Joto hutoka kwenye kitu cha moto kwenda kwenye kitu baridi, mpaka vilingane."

"Na chupa, je?"

"Chupa haina moto wake. Inaziba njia tu. Joto la chai halitoki haraka, na la jua haliingii haraka. Sasa huko mfukoni, nani aliipa dawa joto?"

Karimi aliinamisha kichwa. "Jua... na mimi."

"Chanjo ikipata joto huharibika, basi hii siwezi kuiamini tena. Beba chupa yako, panda pikipiki, tukachukue nyingine."

Alasiri kila kuku alitiwa tone jichoni. Karimi mwenyewe alimshika Madoa, kwa nguvu hata kuku huyo akalalamika.

"Kuuliza si ujinga, mjukuu wangu. Ungemuuliza yule wa dukani," Cucu alisema. "Lakini umefanya vizuri kusema. Ungenyamaza, tungelala tukidhani kuku wamekingwa, kumbe tumewatia maji tu. Na huyo Madoa wako ungemzika wewe."