Kirushio cha Rula

Asubuhi ile Rula aliamka kama kawaida, akanawa uso, akatandika kitanda chake, kisha akasogea kutandika cha mdogo wake. Alipougusa mto ndipo alipokumbuka kwamba hakuna aliyelala hapo. Akaunyoosha hivyo hivyo, akaenda kunywa chai. Chai haikuwa na ladha. Aliongeza sukari, ikawa tamu, lakini ladha bado hakuna.

Rula halikuwa jina lake la kuzaliwa. Aliitwa hivyo kwa sababu hakuweza kupita mbele ya kitu bila kukipima; hata mkate alitaka kujua upana wake kabla ya kuula. Mdogo wake, aliyekuwa darasa la kwanza, aliitwa Mkia. Alipo Rula, Mkia yupo. Akienda dukani yupo, akienda kuoga anamsubiri mlangoni na kuuliza kama bado. Rula alizoea kulalamika kwamba hapati hata nafasi ya kupumua. Sasa nafasi ilikuwa tele, naye hakujua aifanyie nini.

Mambo yalianzia shuleni. Mwalimu wa historia alikuwa akiandaa maonyesho ya vitu ambavyo binadamu amevitumia kurusha: jiwe, kombeo, mkuki, upinde, bunduki, mpaka kombora. Rula alipewa kutengeneza kirushio cha mikuki, kifaa cha watu wa kale. Ni kipande cha ubao tu chenye ndoano mwishoni. Kitako cha mkuki hukaa kwenye ndoano, na mrushaji akiusukuma ubao kwa nguvu, ni kama amerefushiwa mkono. Mkuki huenda mbali kuliko ukirushwa kwa mkono mtupu.

"Ncha zote ziwe za kitambaa," mwalimu alionya. "Sitaki kuona chuma. Na hakuna kurusha mpaka niwepo."

Rula alifanya kama alivyoambiwa, ila hakuweza kuvumilia kusubiri. Alijaribu nyumbani, nyuma ya jiko. Mkuki wenye ncha ya kitambaa ulipinda hewani ukaanguka kama ufagio. Aliona aibu. Uani kulikuwa na waya laini ambao baba yake, fundi wa ujenzi, huutumia kufungia nondo. Rula akakata kipande, akakizungushia nchani ili mkuki uwe mzito mbele, kisha akakifunika kwa kitambaa kisionekane. Akamwambia Mkia akasimame kando ya ukuta, aweke alama pale utakapoangukia, ili waje kupima.

Safari hii mkuki uliruka vizuri sana, na Rula alifurahi. Furaha hiyo ndiyo iliyokuja kumkera baadaye kuliko kitu kingine. Mkuki uligonga ukuta pembeni ya Mkia, kitambaa kikachanika, waya ukafyatuka. Mkia akashika jicho. Damu ilikuwa kidogo.

"Wakikuuliza, sema umejichoma na kijiti," Rula alimwambia.

Mkia akaitikia kwa kichwa.

Hospitali walimpa dawa ya matone wakamruhusu kurudi nyumbani. Jicho likazidi kuvimba, wakamrudisha, akalazwa. Tangu hapo Rula alikuwa kama mtu aliyekalia mguu mpaka ukafa ganzi, ila kwake ganzi ilikuwa mwili mzima. Hakulia. Shangazi alikuja akamsifu kwa mama yake kwamba mtoto huyu amejikaza kweli. Rula alimsikiliza, akaenda kuosha vyombo.

Mchana wa siku ile aliyotandika kitanda cha Mkia, baada ya masomo, aliandamana na mama yake hospitali. Walimkuta daktari wa macho akimsubiri mama mlangoni.

"Mama, jicho halitulii," alisema. "Kijiti kinaweza kuacha kibanzi ndani, na picha za kawaida hazionyeshi mti vizuri. Tunampeleka kwenye ile mashine ya sumaku."

Chumba cha mashine kilikuwa mwisho wa ukumbi, mlango wake mzito, na mbele yake alisimama fundi wa picha mwenye koti jeupe. Alimvua Mkia mkanda. Akamwomba mama atoe pini ya kitambaa chake cha kichwani, akaichukua na saa ya Rula.

"Hii si sumaku ya kuchezea," aliwaeleza. "Chuma kikiwa mwilini, hata kidogo namna gani, inaweza kukivuta kikachana kilipo. Ndiyo maana nauliza tena." Akamwinamia Mkia. "Bwana mdogo, kuna chuma chochote kilichowahi kukuingia?"

Mkia alikuwa amefungwa bandeji. Jicho lililobaki likamtafuta Rula.

"Ni kijiti," alisema. Alisema vizuri, kama alivyofundishwa.

Fundi akaanza kusukuma kitanda.

"Si kijiti," Rula alisema. Sauti ilitoka kavu, kana kwamba anajibu swali la hesabu. "Ni waya."

Kitanda kikasimama. "Waya gani?" mama aliuliza.

"Wa baba, wa kufungia nondo. Niliufunga kwenye mkuki nikaurusha. Nilipoupima waya baadaye ulikuwa umepungua kiasi cha punje ya mchele. Nikajiambia kipande hicho kimeangukia mchangani."

Fundi alikirudisha kitanda nyuma. Akaufunga mlango, akapiga simu kwa daktari.

Wakampiga Mkia picha ya kawaida. Daktari akawaonyesha: mstari mfupi mweupe ndani ya jicho. Jioni ile ile walimpasua wakautoa. Daktari alisema jicho litapona, ingawa huenda likahitaji miwani, na kwamba kama Mkia angeingizwa kwenye ile sumaku, yeye asingeweza kusema hivyo.

Mama alikaa kwenye benchi na Rula, wala hakumtazama. "Leo sina la kukwambia," alisema. "Nikilipata nitakwambia."

Mwalimu wa historia, aliyepata habari, alifika kumjulia hali Mkia. Alikaa upande wa pili wa Rula.

"Sikukusudia, mwalimu," Rula alisema. "Mkuki wenyewe haukumgusa."

"Naamini hukukusudia." Mwalimu alimgeukia. "Unakumbuka nilivyovipanga vile vitu mezani? Mwenye jiwe mkononi alikuwa karibu na aliyempiga, alimwona uso. Mwenye mkuki akarudi nyuma. Mwenye upinde akarudi zaidi, na mwenye bunduki zaidi. Wa kombora anabonyeza kitufe, haoni mtu kabisa. Akili ya binadamu ni kubwa, Rula. Ndiyo hiyo hiyo iliyotengeneza mashine iliyouona waya. Lakini urushe mbali namna gani, unachokidhuru bado ni chako. Na uongo nao uliurusha, ukasimama mbali, ukamwacha mtoto mdogo aubebe. Leo umesogea karibu. Ukikosea tena maishani, na utakosea, usingoje mpaka mlango wa sumaku. Sogea mapema, useme."

"Ndiyo, mwalimu."

Muuguzi akawaita. Mkia alikuwa macho, nusu ya uso imefunikwa. Rula alisimama kando ya kitanda.

"Mimi sikusema," Mkia alinong'ona.

"Najua. Nimesema mimi."

Mkia alifikiri. "Na mkuki? Ulikwenda mbali kuliko mara ya kwanza?"

"Sikupima," Rula alisema.

Akamshika mkono, na ganzi ikaanza kutoka, kwa maumivu, kama inavyotoka mguuni. Rula akalia hapo hapo mbele ya mama na mwalimu, na mama akamsogezea kiti.