Pipa Lililokwisha Kuondoka

Haya yalimkuta rafiki yangu Doreen Hesketh, fundi mitambo wa Manchester, na mpaka leo ukimkumbusha anakufokea.

Kompyuta yao kuukuu, iliyojaza ukumbi mzima, ilikuwa inang'olewa. Kumbukumbu yake ilikuwa finyu. Kila ilipokosa ukurasa wa hesabu, iliuchota kwenye ghala lake la kurasa, pipa la chuma lenye sumaku lililozunguka kwa kasi, na kipaza sauti cha mafundi kikakwaruza: krrr. Pipa hilo lilipakiwa kwenye lori asubuhi. Fundi wake, mzee Entwistle, alikuwa amezikwa juma lililotangulia bila kumsamehe mtu. "Atakayelizima pipa langu atanijua," ndiyo ilikuwa kauli yake.

Alasiri hiyo ya Desemba, giza la mapema la majira ya baridi limeshatanda, msimamizi Clegg akamtuma Doreen akakate umeme ukumbini.

"Kwa nini mimi?"

"Pipa halipo, mwanamke. Au unaogopa hewa?"

"Naogopa mdomo wako unaonuka bia!"

Akashuka kwa hasira. Taa zote zilikuwa zimeshang'olewa. Gizani kipaza sauti kikakwaruza: krrr. Kimya. Krrr. Mashine ilikuwa inaomba ukurasa, na inapewa.

Doreen akaivuta swichi kuu chini. Kipaza sauti kikanyamaza. Hapo ndipo aliposikia, kutoka pale sakafuni palipobaki matundu ya skrubu za pipa tu, mvumo wa pipa zito likipunguza mwendo polepole, kama kawaida ya pipa lililozimwa.

Kisha, mkono wake ukiwa bado kwenye swichi, likaanza kuongeza kasi.