Sufuria Ndogo ya Veronika

Kila Jumamosi, baada ya swala ya alfajiri, Hafidha alifuatana na jirani yao, Bi Raya, hadi karibu na soko la Morogoro. Huko Bi Raya, muuguzi mstaafu, alipika uji kwa ajili ya watu wanaolala kwenye vibaraza vya maduka. Hafidha ndiye aliyeugawa. Kwa miezi minane kazi hiyo ilikuwa yake, na sifa zake pia.

Ndipo akaja Veronika, msichana wa Mazimbu. Bi Raya alimkabidhi sufuria ndogo ya kupikia, akamnong'oneza jambo. Uji wa sufuria hiyo ulikuwa wa Mzee Geofrey peke yake, kibarua wa zamani wa mashamba ya mkonge.

"Huyu binti anajua kazi!" mzee alisema alipomaliza kikombe.

Issa, kijana aliyekuwa akiosha vyombo, aliangua kicheko. "Hafidha, umepinduliwa!"

"Osha vikombe wewe!" Hafidha alimkemea, lakini kijicho kilikwisha kumwingia. Miezi minane mzee hakuwahi kumsifu hivyo.

Jumamosi iliyofuata, Veronika alipokwenda kuchota maji, Hafidha alifunua sufuria ile akaonja. Hapakuwa na sukari hata chembe. Kumbe hata kupika hajui! Akatia vijiko vinne, akakoroga. Mzee akisifu utamu, angetangaza kwamba ni kazi yake.

Veronika alirudi, akajaza kikombe, akampelekea mzee. Hafidha alimfuata nyuma akisubiri sifa.

"Bi Raya," mzee alisema, "tangu niache sukari kama ulivyoniagiza, kidonda cha mguu kinaanza kufunga. Kisukari kilitaka kunikata mguu." Akainua kikombe.

Hafidha alielewa sasa kwa nini uji ule haukutiwa sukari. Akinyamaza, hakuna atakayejua kwamba ni yeye aliyeitia. Akisema, watajua wote.

"Babu, usinywe! Nimetia sukari."

Mzee alishusha kikombe. Veronika alimkodolea macho. "Kwa nini?"

"Nilikuonea wivu."

"Si ungeniuliza tu?"

Uji ulimwagwa. Hafidha alipika mwingine, na kwa karibu saa nzima Mzee Geofrey alikaa na njaa huku wenzake wakishiba. Hafidha alipompelekea, mzee hakuupokea.

"Onja kwanza wewe."

Alionja mbele ya watu wote, uso ukimwaka kwa aibu. Ndipo mzee akanywa.

Bi Raya alimwita kando. "Mzee amekaa na njaa kwa sababu yako. Hajadhurika kwa sababu umesema kweli. Yote mawili ni yako, usisahau hata moja."

"Nisamehe, Bi Raya."

"Mimi sijakosewa. Kamwombe radhi mzee, kisha Veronika. Na ujue: anayesaidia huuliza mwenzake anahitaji nini. Wivu huuliza nani atasifiwa. Ukijiona umeshika swali hilo la pili, weka kijiko chini kwanza."