Waya Uliochomekwa Mbele

Mama Mdogo, mke wa mzee, ndiye aliyemkuta, asubuhi, alipopeleka chai kwenye chumba cha kurekodia. Chumba chenyewe kilikuwa stoo hapo zamani. Mzee alibandika magodoro ukutani, akaziba dirisha kwa zulia, akapafanya mahali pa kusomea vitabu kwa sauti na kurekodia mchezo wa redio ulioilisha nyumba ile miaka nenda rudi. Alikuwa ameegemea meza, maikrofoni mbele yake, kikombe cha jana kando. Mama Mdogo alimgusa bega, akalikuta la baridi, akatoka na chai yake mkononi kama alivyoingia nayo. Kisha akampigia simu binti wa marehemu.

Binti huyo alikuwa fundi wa sauti katika kituo cha redio, na wenzake walimwita Sikio, jina lililomganda mpaka nyumbani. Alisema, "Sawa, nakuja," akamaliza kukunja waya aliokuwa akiukunja. Usimwone ana roho ngumu. Habari nyingine humkuta mtu akafa ganzi kwanza, na maumivu yakangoja zamu yao.

Alipofika, Inspekta alikwisha kukaa mbele ya kompyuta. Alikuwa mwanamke wa makamo, na siku hiyo mafua yalimkaba hata kila sentensi aliikatiza kwa leso.

"Pole, dada," alisema. "Kuna kitu inabidi usikie. Kimehifadhiwa jana, saa tatu na dakika kumi usiku."

Akabonyeza. Sauti ya mzee ikajaa chumbani: "Nimechoka. Mke wangu, ndugu yangu, nisameheni. Msimlaumu mtu. Nimeishi vya kutosha, naondoka kwa hiari yangu."

Sikio aliomba irudiwe. Mara ya kwanza alisikia jambo moja tu: baba amemuaga mke, amemuaga ndugu, na mtoto wake wa pekee hakumtupia hata neno. Alilipokea jambo hilo kama mtu anayesoma kibao cha mtaa asioishi. Hakulia. Alijua tu kwamba, kama ni kweli, atalibeba mpaka kaburini. Mara ya pili masikio yalirudi kazini.

"Ni sauti ya baba yako?" Inspekta aliuliza.

"Ni yake."

"Una shaka na chochote?"

"Na sauti, sina. Nina shaka na mvumo ulio nyuma yake."

Inspekta alishusha leso. "Nieleze taratibu. Mimi redio naijua kwa kuwasha na kuzima."

Sikio akamwonyesha. Mezani palikuwa na visanduku viwili. Cha kwanza, chekundu, kilikuwa kikuza sauti: kinapokea sauti nyembamba ya maikrofoni na kuinenepesha. Cha pili, cheusi, kilikuwa cha kurekodia, ndicho kinachoingiza sauti kwenye kompyuta. Hicho cheusi kina matundu mbele na matundu nyuma. Yale ya mbele ni ya maikrofoni, na ndani yake kina kikuza sauti chake chenyewe. Yale ya nyuma yanapokea tu sauti iliyokwisha kukuzwa.

"Kwa hiyo waya wa kile chekundu unaingia nyuma," Inspekta alisema.

"Nyuma. Ukiuchomeka mbele, sauti inakuzwa mara mbili. Unapata mvumo, na neno likitoka kwa nguvu linakwaruza. Sikia hapo kwenye 'nisameheni'. Limepasuka."

"Na huu wa hapa uko wapi?"

"Angalia mwenyewe."

Waya ulikuwa nyuma. Tundu la mbele lilikuwa limezibwa kwa plasta ya kidonda, na kingo za plasta zilikwisha kushika vumbi.

"Plasta niliibandika mimi," Sikio alisema. "Kile chekundu mzee alikinunua mwezi uliopita, kikafungwa Ijumaa, kikafungwa vibaya. Nilikuja Jumapili nikakuta waya mbele. Nikauhamisha, nikaziba tundu ili asije akakosea tena. Tangu Jumapili ile, chumba hiki hakijawahi kuvuma."

Inspekta alipiga picha ile plasta, akapiga chafya, akapiga nyingine. "Kwa hiyo maneno haya si ya jana."

"Ni ya kati ya Ijumaa na Jumapili ile. Ya jana ni tarehe tu. Ukiihifadhi rekodi upya, inapata tarehe mpya."

Mchana hospitali ilipiga simu. Ndani ya kikombe kulikuwa na dawa za usingizi, nyingi kupita kiasi. Dawa hizo zilikuwa za Mama Mdogo, na jirani alikwisha kusema kwamba juzi aliwasikia yeye na mumewe wakifokeana. Hapo mambo yakamgeukia mjane. Inspekta alimkalisha sebuleni, Sikio akabaki mlangoni.

"Mligombana juu ya nini, mama?"

"Juu ya mdogo wake." Mama Mdogo alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya kanga. "Mzee alitaka kuumaliza mchezo wa redio. Amechoka nao, anataka asome vitabu vyake basi. Nikamwambia usimwambie ndugu yako kwa pupa. Mtu yule hana kingine. Akasema, Kapteni atakufa sehemu ijayo, na hakuna mjadala."

Kapteni alikuwa Baba Mdogo, huyo mdogo wake mzee. Yaani alikuwa mhusika, lakini Baba Mdogo alimwigiza muda mrefu hata mtaa mzima ulisahau jina lake lingine. Dukani aliitwa Kapteni, kwa kinyozi Kapteni, na akiingia msibani watu walimpisha kiti cha mbele. Alikuwa mgane asiye na mtoto, na chumba chake kilijaa picha zake mwenyewe.

"Dawa zako ziko wapi kwa kawaida?"

"Juu ya friji. Anayeingia jikoni anaziona. Mimi jana nililala mapema, sikusikia mtu."

"Na ile Ijumaa ya kufunga mtambo, ulikuwepo?"

"Nilikuwa kwa dada yangu, anauguza. Nilirudi Jumatatu. Muulize dada yangu."

Inspekta alimpigia dada yake papo hapo, akajibiwa vilevile. Akamgeukia Sikio. "Ijumaa ile nani alifunga vile visanduku?"

Sikio alikwisha kulijua jibu tangu asubuhi. Alikuwa amelikalia tu, kwa kuwa mdomo haukutaka kulitamka. "Baba Mdogo. Anajifanya fundi wa kila kitu. Na mimi nilipourekebisha waya nilimwambia mzee peke yake. Sikutaka kumwaibisha."

Baba Mdogo alikuja jioni, amevaa koti jeusi, macho yamevimba kwa kilio cha kweli. Sikio alimwamkia, "Shikamoo, Baba Mdogo," naye akamkumbatia kwa nguvu. Sikio alisimama tu mikononi mwake kama nguzo.

Inspekta aliwakalisha katika chumba kile kile. "Bwana, umesema jana ulipita hapa?"

"Nilipita, saa tatu usiku. Nilifuata mwavuli wangu. Nikasikia ndugu yangu anarekodi, nikasimama nje ya mlango. Nikadhani anafanya mazoezi. Kumbe ananiaga mimi." Alifuta shavu. "Laiti ningefungua."

"Ulisikia maneno yapi?"

"Hayo hayo. Nimechoka. Ndugu yangu, nisameheni. Kwa masikio yangu haya."

"Dada, endelea," Inspekta alisema.

Sikio alikaa mbele ya maikrofoni. Alisema, "Nimechoka, nisameheni," waya ukiwa nyuma. Kisha akabandua plasta, akahamishia waya mbele, akasema tena. Akazicheza zote mbili, na baada yake ile ya mzee. Ya kwanza ilikuwa na kimya safi chini ya sauti. Ya pili na ya mzee zilivuma mvumo mmoja na kupasuka pahali pamoja. Hata Inspekta na mafua yake alisikia.

"Baba Mdogo," Sikio alisema, "ulivyoufunga wewe ndivyo unavyovuma. Niliufungua Jumapili ile. Maneno hayo hukuyasikia jana mlangoni, kwa sababu jana hayakusemwa."

"Labda aliuchomeka mbele mwenyewe."

"Plasta ilikuwa na vumbi. Hakuna aliyeibandua."

Baba Mdogo aliutazama ule waya. Alionekana kama mtu anayetafuta maneno yake katika mchezo na mwenzake hampi pa kuanzia.

"Yule tajiri wa mchezo wetu," alisema hatimaye, kwa sauti ya kawaida ambayo Sikio hakuwahi kuisikia kwake. "Asiye na mtoto. Hotuba yake ya mwisho. Ndugu yangu aliisoma Ijumaa ile kujaribu mtambo, mimi nikaihifadhi kwenye simu yangu."

"Ndiyo maana hakunitaja," Sikio alisema.

"Ndiyo maana. Jana nilimsihi. Nikamwambia muue mwingine yeyote, mwache Kapteni. Akacheka. Akasema, mdogo wangu, nenda kapumzike. Nikapumzike wapi? Bila Kapteni mimi naitwa nani huko nje? Nikaenda jikoni kumtengenezea chai."

Inspekta alimwambia asimame. Alisimama wima, akafunga vifungo vya koti, akatoka mbele yao.

Sikio alingoja apate nafuu. Baba hakujiua. Hakuondoka bila kumuaga, kwa kuwa hakuondoka kwa kutaka. Mzigo ulikwisha kutuliwa, yeye bado yuko vilevile. Aliurudisha waya nyuma kwa mazoea.

Kesho yake Inspekta alimwita kituoni. Katika simu ya Baba Mdogo walikuta rekodi nzima ya Ijumaa ile, kabla haijakatwa, na walihitaji mtu wa familia aithibitishe sauti. Sikio alivaa vipokea sauti. Mzee alisoma hotuba ya tajiri mpaka "kwa hiari yangu". Kiti kililia. Kisha akacheka, kicheko chake cha puani, karibu kabisa na maikrofoni.

"Kapteni, hiki kitu kinavuma kama nyuki, umekifungaje? Basi, acha, usikiguse. Mwite mwanangu. Mwambie aje Jumapili, nitampikia mwenyewe. Kitu chochote akikigusa yule, mimi moyo wangu unatulia."

"Ni yeye?" Inspekta aliuliza.

Sikio alitikisa kichwa kukubali. Aliomba maji, akashindwa kuyanywa, na hapo ndipo alipoanza kulia, vipokea sauti vikiwa bado masikioni.