Ekseli ya Amosi

Asubuhi ile ilianza vizuri tu. Mama lishe aliyepanga mbele ya gereji alikuwa anakaanga chapati, redio inaimba, na mimi nimekaa kwenye benchi la fundi Mabula pale Geita nikimsubiri kaka yangu Magesa anipeleke Kahama kumwona mama yetu. Hatukuwa na maongezi. Mimi na kaka yangu tulikuwa wa salamu tu tangu nimzike mume wangu, Amosi.

Niseme mapema msije mkaniona mbaya bure. Amosi na Magesa walikuwa na duara lao, yaani shimo la dhahabu, wakilichimba wawili. Wachimbaji wa pale wana utaratibu wao: uliyekuwa unashuka naye shimoni akifa, wewe ndiye unayetupa udongo wa kwanza kaburini, na udongo wenyewe unautoa kwenye duara lenu. Hata padri husubiri. Amosi alipopata ajali na pikapu yake tulimpeleka kwao Ushirombo, tukasimama juani tukimngoja Magesa. Hakuja. Siku hiyo duara lilikuwa limeanza kutema dhahabu, akaogopa majirani wasije wakamzunguka na kumwibia mawe. Mwishowe baba mkwe wangu akachota udongo wa pale pale, wachimbaji wakitazama chini kwa aibu isiyo yao.

Kama hiyo haitoshi, kabla ya arobaini Magesa alikuja uani kwangu, ilikovutwa ile pikapu iliyopondeka, akaanza kufungua boliti. Alikuwa analichonga gari lake. Ameliinua juu, amelifunga matairi mapana, sasa anataka ekseli ngumu ya nyuma, ule mhimili unaobeba matairi mawili.

"Kaka, si ungeniuliza kwanza?"

"Nikuulize nini? Marehemu haendeshi tena."

Jibu hilo sijamsamehe mpaka leo.

Tangu aifunge ekseli ile, gari likawa linatembea ubavu kama mlevi anayejikaza. Usukani umenyooka, mwili wa gari unakwenda upande. Matairi ya nyuma yalikuwa yameshalika vibaya. Ndiyo maana tulikuwa kwa Mabula, mzee wa Kisukuma asiyependa maneno mengi.

Mabula alifunga uzi nyuma ya gari, akaupitisha kwenye matairi mpaka mbele, ubavu huu na ule. "Uzi ukiligusa tairi la nyuma ukingo huu na huu, limekaa sawa," alinielekeza. Haukugusa sawa. Ekseli nzima ilikuwa imetazama kulia. Akalegeza boliti zinazoishika kwenye springi, akaisogeza, akakaza kwa nguvu zake zote. Akapima tena. Sawasawa.

Magesa akaligeuza gari atoke. Mabula alikuwa anafuta mikono, akaacha.

"Simamisha."

Akarudisha uzi. Sasa ekseli ilikuwa imetazama kushoto. Akazijaribu boliti kwa spana. Hazikulegea hata kidogo. Akamwambia Magesa ageuze tena, kichwa kirudi kilikokuwa. Akapima. Kulia.

Alikaa chini akiutazama uzi wake. Redio ya mama lishe ilikuwa inaimba bado.

"Gari linageuka," akasema kwa sauti ya chini. "Ekseli haigeuki."

Akainuka, akasimama nyuma ya tairi, akanyoosha mkono kule lilikotazama. Juu ya mapaa, kupita vilima. Sikuhitaji kuambiwa. Njia ile niliipita nimekaa pembeni ya jeneza.

"Ekseli hii ya nani, mayu?" akaniuliza, akiniita mama kwa Kisukuma.

"Ya mume wangu. Amelala Ushirombo."

Mabula aliinama dirishani kwa Magesa. Habari ya kaburini ilikuwa imeshazunguka machimbo yote, hata yeye aliijua. "Chukua udongo kwenye duara lenu. Nenda kamalize. Leo."

Kaka yangu akacheka. "Mzee, nimekuletea gari utengeneze, sikuja kuaguliwa. Mama ananisubiri. Sina muda wa makaburi." Akaniita nipande.

Nilishika kitasa. Gari halijaondoka. Na bado nikasikia changarawe zinasagika nyuma yangu. Nikatazama chini. Tairi la nyuma lilikuwa linajisogeza. Polepole. Peke yake.

Nikaachia kitasa.

"Kaka, shuka. Nakuomba." Pamoja na chuki yote niliyokuwa nayo, nilimwomba. Mungu ni shahidi.

"Panda au baki."

Nikabaki.

Njia panda haikuwa mbali na gereji, na niliona kila kitu. Magesa alikata kushoto, njia ya Kahama. Mbele ilikubali. Nyuma ikakataa. Gari likaanza kwenda ubavu. Taratibu. Halafu si taratibu. Mikono yake inapigana na usukani. Mdomo wake unasema kitu. Lori lilikuwa linakuja. Lilipiga honi mpaka mwisho.

Tulipofika, matairi ya mbele yalikuwa yamekatwa kushoto mpaka yanapoishia. Ya nyuma yametazama kulia. Mabula hakuhitaji uzi.

Magesa tulimzika nyumbani, nje ya Kahama, kwenye ardhi yetu nyeusi ya mbuga. Jeneza nililifuta vumbi mwenyewe kabla halijashushwa. Likatua chini safi. Padri akasubiri. Wachimbaji waliotoka Geita wakasubiri, kofia mikononi.

"Sasa nani?" mama akanong'ona.

Hakukuwa na mtu. Aliyeshuka naye shimoni alikuwa Amosi tu. Watu wakanigeukia mimi, mjane wa Amosi. Nikainama, nikachota udongo, na moyoni nasema wazi: aende bila udongo wa duara, kama alivyomwacha mwenzake.

Nikatazama kaburini.

Juu ya kifuniko kulikuwa na konzi moja ya udongo. Mwekundu, kama wa duara lao. Una chenga nyeupe za mwamba, na ulikuwa bado mbichi, umetoka chini sana. Hakuna aliyekuwa karibu na kaburi kuliko mimi.

Mchimbaji mmoja akapiga ishara ya msalaba. "Ameshatupa," akasema, na wenzake wakaanza kufukia.

Amosi wangu. Alimfanyia kaka yangu kile kile alichonyimwa. Alimsamehe bila kuniuliza, na hilo nalo linaniuma. Udongo wangu ulikuwa bado mkononi. Niliudondosha pembeni ya kaburi, nikapangusa kiganja.